Umng'ang'anie mwandishi mmoja, usome wote, utege masikio au ufunge vitabu? Njia nne za kujifunza kwa wengine na bado ukaandika kwa sauti yako

Wiki mbili zilizopita kuna chalii wa Ngarenaro alikuja pale ninapofanyia kazi, stationari ndogo hapa Moshi karibu na stendi, ana daftari la hadithi anataka nimchapie. Kurasa sitini na kitu, mwandiko wa kubana. Nina miaka saba nachapa kazi za watu na mwenyewe pia naandika, kwahiyo mkono ukichapa macho yanasoma, siwezi kuyazuia. Nilipofika kama ukurasa wa ishirini nikamuuliza, mdogo wangu, wakati unaandika hii ulikuwa unamsoma nani? Akanyamaza kidogo, akanitajia jina moja tu. Halafu akasema, "Sista, ndo maana nataka niache kusoma kabisa, kila nikisoma naanza kuandika kama yeye."

Jumamosi yake kwenye kikundi chetu (tuko sita, tunakutana tunasomeana kazi) dada mmoja mwalimu akaleta kilio cha upande wa pili. Yeye anasoma sana, kila kitu, ila akikaa kuandika hamna kinachotoka, kila sentensi anaona kuna mtu alishaiandika vizuri kuliko yeye. Mmoja anataka kuacha kusoma kwa sababu anasoma mmoja, mwingine hawezi kuandika kwa sababu anasoma wengi. Tukabishana mpaka saa mbili usiku. Nimekaa nikazipanga njia nne ninazoziona watu wakizitumia, nyingine nimezitumia mwenyewe, ili ulinganishe uchague inayokufaa wewe kwa hapo ulipo.

Kwanza, tunapima kwa vigezo gani

Nikisema sauti ya mwandishi simaanishi kitu cha ajabu. Namaanisha maneno unayoyafikia haraka, urefu wa sentensi zako, kitu unachokiangalia kwanza mtu akiingia mlangoni, na kitu unachoamua kukinyamazia. Hicho cha mwisho watu wanakisahau sana. Waandishi wawili wakielezea msiba uleule, mmoja ataanza na jeneza mwingine ataanza na masufuria ya jirani yaliyoazimwa, na hapo tayari umeshawajua.

Kwahiyo kwa kila njia nitaangalia mambo matano: inakula muda na hela kiasi gani, nini hasa kinaingia kichwani mwako, hatari yake ni ipi, utajuaje kwamba sauti yako imeanza kutokea, na inamfaa nani. Kuna sehemu ntakaa sana kwa sababu ndo zina mambo, nyingine ntapita haraka.

Njia ya kwanza: kumng'ang'ania mmoja, unamkopi kwa mkono

Unachagua mwandishi mmoja unayempenda kweli, unanunua kaunta buku, unakopi kurasa zake neno kwa neno kwa peni. Baadaye unafunga kitabu unajaribu kuandika kipande kilekile kwa kumbukumbu, halafu unafungua unalinganisha.

Sio njia mpya hii. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyezaliwa 1706, alipokuwa kijana anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake huko Boston, alinunua juzuu moja la gazeti la insha la London, The Spectator, akapenda lilivyoandikwa. Akawa anachukua insha, anaandika dokezo fupi la kila sentensi, anaziacha siku kadhaa, kisha anajaribu kuijenga upya insha nzima kwa maneno yake mwenyewe na kuilinganisha na ile ya kwanza aone wapi kakosea. Akaona maneno yake ni machache, basi akawa anageuza hadithi kuwa mashairi, akishaisahau anairudisha kuwa nathari. Wakati mwingine alizichanganya zile dokezo makusudi, wiki kadhaa zikipita anazipanga upya ajifunze mpangilio. Kwenye tawasifu yake anakiri kwamba mara nyingine alihisi kwenye vitu vidogo yeye ndo kapatia zaidi. Shika hapo, ntarudi.

*Muda na hela.* Hela ni ndogo, kaunta buku na peni na kitabu kimoja ambacho unaweza kuazima Maktaba ya Mkoa. Muda ndo mwingi. Kurasa tatu za kukopi kwa utulivu ni saa nzima, na matokeo huyaoni kabla ya miezi miwili mitatu.

*Kinachoingia.* Mwendo wa sentensi. Mkono unajifunza vitu ambavyo jicho linaviruka. Mi nlikopi kitabu kimoja karibu nusu, ndipo nikagundua kwamba yule mwandishi hasemi kabisa kwamba mtu kakasirika, anamfanya mtu asogeze kikombe upande wa pili wa meza halafu stori inaendelea. Nlikuwa nimekisoma kile kitabu mara tatu kabla ya hapo na sikuwahi kukiona kile kikombe.

*Hatari.* Hapa ndo hatari ni kubwa kuliko njia zote, kwa sababu pamoja na sentensi unabeba na ulimwengu wa mtu bila kujua. Turudi kwa yule chalii. Hadithi yake iko Kibosho, kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga), migomba, kahawa, mifereji, vizuri kabisa. Kuna mume kamkosea mkewe vibaya na mke karudi kwa mama yake. Sasa siku ya kwenda kuomba msamaha, mume anatokea mlangoni na ua la waridi jekundu, mvua inapiga kioo cha dirisha, mke anatoa chozi moja. Nikaacha kuchapa. Nikamuuliza, hilo waridi kalitoa wapi? Akasema hajui, limekuja tu. Nikamuuliza tena, kwenu mtu akienda kuomba msamaha mzito anaenda na nini? Akacheka, akasema sista si masale. Na yuko sawa, kwa Wachagga jani la sale ndo alama ya kuomba radhi, linapandwa hadi kwenye mipaka ya vihamba, mtu akija ameshika sale ujue hajaja kwa mchezo na kumkatalia ni jambo kubwa sana. Sasa fikiria tukio hilohilo: mama mkwe yuko uani anaosha ndizi, anainua macho anaona jani kabla hajaona uso wa aliyelishika, anakausha mikono kwenye kanga, anaingia ndani bila kusema neno kwenda kumwita binti yake. Mume anabaki amesimama. Hamna chozi hata moja na msomaji ameshaelewa uzito. Waridi lilikuwa la mwandishi anayempenda, sale lilikuwa lake na alikuwa amelipita kila siku akienda shule.

*Sauti inatokea wapi.* Kwenye makosa ya kukopi, na ndo maana nimesema ushike ile ya Franklin. Siku moja nlikuwa najaribu kuandika ukurasa kwa kumbukumbu, kwenye kitabu mwandishi aliandika kawaida tu kwamba mtu alitoka nyumbani asubuhi na mapema. Mi nikaandika alitoka "kabla Kibo haijajifunika". Sikuifikiria. Bibi yangu alikuwa anapima asubuhi hivyo, mlima ukiwa wazi ni mapema, mawingu yakishashuka basi siku imeenda na wewe bado unazunguka uani. Nilipolinganisha nikaona nimekosea, nikachukua peni nikate, halafu nikaacha. Toka siku hiyo nikikopi kwa kumbukumbu napiga mstari chini ya kila sehemu niliyoshindwa kufanana, na mwisho wa mwezi nasoma ile mistari peke yake. Nimejifunza mambo mengi juu yangu kwa ile mistari kuliko kwa kitu kingine chochote.

Njia hii ina ndugu yake, nayo ni kutafsiri au kusimulia upya. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, iliyotoka 1952, mifupa ya kisa aliitoa kwenye Alfu Lela Ulela, ila maadili, majina na mwendo wa Kiswahili chake ukisoma ukurasa mmoja tu unajua ni nani. Mwalimu Nyerere naye alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka 1963, na 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha, huku anaendesha nchi. Anayetafsiri hawezi kuruka neno, lazima atafute kwa Kiswahili chake mwenyewe pa kulikalisha, kwahiyo kama lugha ya pili unaimudu hii inakupa faida ya kukopi na hatari ya kumezwa inapungua. Ila angalizo, vyote hivi ni mazoezi ya daftarini. Kazi ya mtu aliye hai au aliyefariki karibuni ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ukitaka kuchapisha tafsiri omba ruhusa, na ukikopi usiweke jina lako juu.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeanza ambaye sentensi zake zinagongana, au mtu mwenye stori nzuri lakini akiisimulia kwa maandishi inalala. Haimfai aliyesoma mwandishi mmoja maisha yake yote, huyo tayari amekopi bila peni.

Njia ya pili: kusoma kila kinachopita

Riwaya, mashairi, magazeti, tamthiliya, vitabu vya dini, vya kigeni na vya hapa, vile vya mtumba vinavyopangwa chini barabarani, bila kuchagua sana. Imani ni kwamba ukiwa na walimu wengi hamna hata mmoja atakayekumiliki.

*Muda na hela.* Inategemea unapataje vitabu. Kununua vipya kila mwezi ni hela, sio siri, ila maktaba zipo na ya mtumba ukibembeleza unapata kwa elfu mbili tatu. Kwenye kikundi chetu kila mtu akinunua kimoja kinapita kwa wote sita ndo kinarudi kwa mwenyewe. Muda hauumi kwa sababu unasoma kwenye foleni, kwenye gari, popote.

*Kinachoingia.* Sio sentensi, ni uwezekano. Unajifunza kwamba kumbe stori inaweza kuanzia mwisho, kumbe shairi linaweza kukosa vina na bado likaitwa shairi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe 1944, na wachambuzi wengi wanaiona falsafa ya udhanaishi kutoka Ulaya, ile inayouliza maisha ya mtu yana maana gani, kwenye kazi zake, lakini Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, inaanzia Namagondo, kijijini kwake. Mashairi yake ya Kichomi ya 1974 yaliacha vina na mizani na yakachochea mabishano makali kati ya wanajadi na wanamabadiliko, watu wakimwambia hayo sio mashairi ya Kiswahili, na leo vijana wanaandika mashairi huru kama kitu cha kawaida. Alisoma mbali, akaandika nyumbani. Mwingine ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilipotoka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa alikuwa na kiko mdomoni na rafiki wa kumfuatafuata, yaani Sherlock Holmes unamwona waziwazi amesimama nyuma ya pazia. Ila mizimu, siri za ukoo, utani wa mazungumzo, Kiswahili chenyewe, hayo ni ya Unguja matupu. Kiko ni cha kuazima, kinachotoka mdomoni kwa mwenye kiko ni chake.

*Hatari.* Ni ile ya dada yetu mwalimu. Unasoma mpaka kusoma kunakuwa mahali pa kujifichia usiandike. Kila ukianza unasikia watu ishirini nyuma yako wanakusahihisha. Na kuna hatari nyingine ndogo, mchanganyiko usioiva, ukurasa wa kwanza ni wa polisi, wa pili ni wa kifalsafa, wa tatu ni barua ya mapenzi, kama machalari ambayo ndizi zimewekwa mwisho, nyama imeiva ndizi bado ngumu.

*Sauti inatokea wapi.* Kwenye unachokirudia. Baada ya vitabu thelathini angalia vilivyobaki kichwani, utakuta kuna kitu kimoja kinachokuvuta kwenye vyote. Yule dada tulimwambia aandike ukurasa mmoja wa vitu anavyovikumbuka kwenye vitabu alivyosoma mwaka ule, bila kufungua kitabu. Akaleta orodha, karibu yote ilikuwa watoto wanaosikiliza wakubwa wakiongea chumba cha pili. Yeye mwenyewe hakuwa anajua. Sasa anaandika hadithi ya mtoto anayelala nyuma ya pazia la nyumba ya kupanga Majengo, na inaenda.

*Inamfaa nani.* Anayejiona anaandika kitu kilekile kila siku, na aliyemezwa na mwandishi mmoja kama chalii wangu. Haimfai mwenye tabia ya kuahirisha, huyo ukimpa vitabu kumi umempa sababu kumi.

Njia ya tatu: kutega masikio

Hii watu wengi hawaihesabu kama kujifunza kwa waandishi, kwa sababu wanaokufundisha hawajaandika kitu. Konda, mama muuza mbogamboga, mzee anayetoa nasaha kwenye harusi, bibi yako. Mi nahesabu, tena naiweka juu sana.

Panda coaster ya Moshi kwenda Arusha siku ya kawaida, kilomita kama 80, Boma Ng'ombe, KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Mwezi uliopita nlikuwa nimekaa nyuma ya konda, anataka kumbana bibi mmoja aongeze mtu kwenye kiti. Anamwambia, "Bibi sogea kidogo tu, kiti hiki kimezoea watatu, sote tunafika Arusha hamna atakayebaki Boma." Bibi hakugeuka hata, akasema, "Mwanangu, mi nimelala na watoto tisa chumba kimoja. Kiti hicho utanieleza nini?" Na akasogea. Angalia kilichotokea hapo: anakataa kwa mdomo huku mwili unakubali. Anataja umaskini wake kama cheo. Kwa sentensi mbili umeshapata mtu mzima mwenye historia, hamna maelezo ya uso wala ya nguo.

*Muda na hela.* Nauli tu, na hiyo ungelipa hata hivyo. Kidaftari kidogo au notsi za simu. Andika ukishashuka, ukisubiri jioni unabaki na maana ila maneno yenyewe yameshaondoka, na maneno yenyewe ndo unayoyataka.

*Kinachoingia.* Mazungumzo, utani, mapigo ya lugha, namna watu wa hapa wanavyozunguka jambo kabla ya kulisema. Na ujasiri wa kuamini kwamba lugha ya kwenu inatosha. Wanamuziki wa Arusha walilijua hili mapema, X Plastaz walichukua hip hop iliyotoka Marekani wakaikalisha na uimbaji wa Kimaasai ndani ya Kiswahili, albamu yao ya Maasai Hip Hop ya 2004 ikasikika mpaka Ulaya. Mtindo waliupokea, sauti waliikuta nyumbani.

*Hatari.* Masikio yanakuletea maneno, hayakuletei mpangilio. Nachapa hadithi nyingi ambazo mazungumzo yake ni matamu ajabu lakini watu wanaongea kurasa kumi hamna kilichotokea. Pia maneno ya kijiweni yanachakaa haraka, neno lililokuwa moto wakati niko sekondari sasa hivi wadogo zangu hawalijui. Na kuna heshima. Mtu akikueleza siri msibani hajakupa hadithi, kachukue mdundo wa maneno yake ukaache siri yake. Mwenzetu mmoja aliweka kwenye hadithi jambo la shangazi yake karibu kama lilivyo, familia ikalitambua, mpaka leo kuna nyumba haingii.

*Sauti inatokea wapi.* Pale mtu wa nyumbani akisoma anasema "huyu namjua" wakati huyo mtu umemtunga.

*Inamfaa nani.* Mwenye Kiswahili cha darasani ambacho wahusika wake wote wanaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Inamfaa pia asiye na hela ya vitabu. Kwa anayehangaika na muundo wa riwaya ndefu, hii peke yake haitamfikisha.

Njia ya nne: kufunga vitabu kwanza

Unaacha kusoma kabisa kwa muda, wiki au miezi, unaandika tu. Ndo alichotaka chalii.

*Muda na hela.* Bure, na unaokoa muda wote wa kusoma. *Kinachoingia.* Kipya hakiingii, ila cha zamani kinapata nafasi ya kukaa. Mi nlifunga vitabu Kwaresima nzima mwaka juzi, siku arobaini, nikaandika kuliko nilivyowahi kuandika. Kelele zilipungua kweli na nikamaliza rasimu iliyokuwa imenishinda miaka miwili. Nilipoisoma baada ya Pasaka nikaona kitu: sehemu nyingi sentensi zilikuwa na mdundo wa matangazo ya kanisani, "tunawatangazia", "tunaombwa sote". Vitabu nlivifunga, masikio sikuyafunga. Na mtu mwingine akifunga vitabu atakuta anaandika kama status za watu, maana ndo kitu pekee anachosoma kutwa nzima bila kukihesabu.

*Hatari* ni hiyohiyo, unadhani uko peke yako kumbe umebadilisha tu mwalimu, na huyu wa sasa hukumchagua. *Sauti inatokea* kwenye rasimu yenyewe, ukiipa mwezi mmoja ndani ya droo ndo uitoe. *Inamfaa* mtu ambaye tayari amesoma miaka mingi na yuko katikati ya kazi, anataka kuimalizia, na inamfaa sana yule anayejilinganisha mno. Aliyesoma vitabu vitano maisha yake, kusema kweli simshauri, atafunga mlango wa nyumba ambayo haijaingia kitu.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unaanza na sentensi zako zinakuchosha hata mwenyewe, chukua njia ya kwanza kwa miezi mitatu, ila ukimaliza mwandishi mmoja hamia kwa mwingine asiyefanana naye hata kidogo. Na usiache kupiga mstari pale unaposhindwa kufanana naye.

Kama watu wanakwambia unaandika kama fulani, usifunge vitabu, ongeza. Soma watatu wanaopingana na huyo fulani, na wiki hiyohiyo panda gari ukae karibu na konda.

Kama unasoma sana na huandiki, funga vitabu kwa muda wenye mwisho unaojulikana, wiki tatu kwa mfano, ukiwa na ile orodha ya vitu vilivyobaki kichwani. Ukifunga bila tarehe utarudi kwenye kusoma siku ya pili, nimeliona.

Kama wahusika wako wanaongea kama barua ya ofisi, masikio. Nenda Mbuyuni siku ya soko, simama karibu na wauza ndizi, usiandike kitu mbele yao.

Kama stori yako ni tamu mdomoni lakini karatasini haina mwanzo wala mwisho, njia ya pili, tena soma tamthiliya maana muundo wake unaonekana kwa urahisi. Na kama unaandika kwa Kiswahili lakini umekua ukisoma Kiingereza tu, jaribu kutafsiri kurasa chache za unayempenda, utaona haraka sana wapi Kiswahili chako kimepungua na wapi kinamzidi.

Wengi wetu tunahitaji mbili kwa zamu. Mi saa hizi nakopi asubuhi nusu saa kabla ya kufungua stationari na natega masikio mchana kutwa kwa sababu ya kazi yenyewe, kufunga vitabu nimekuweka mwishoni mwa rasimu tu.

Chalii alirudi Ijumaa. Amefuta waridi. Hajaweka sale, alisema kila mtu angeliweka, kaweka mume anafika mikono mitupu, na mama mkwe anaangalia ile mikono muda mrefu, halafu anamuuliza kama kwao masale yamekauka. Nikamchapia huo ukurasa bila hela.